Bwana Osundwa na Kazi Ngumu ya Kumngoja Rosebella

Ijumaa tarehe 31 Julai 1998, Bwana Patroba Osundwa, mpiga chapa wa chuo chetu cha ualimu hapa Kakamega, atafunika taipureta yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba wasifu wa kila anayestaafu huandikwa na yeye. Kamati ya sherehe ilizunguka ofisi zote ikitafuta mtu wa kuandika wa kwake, na kwenye kila mlango ikaambiwa mwenye kazi hiyo yupo. Kwa hiyo haya yameandikwa na mhusika mwenyewe, na sifa zitakazopatikana humu zisomwe kwa tahadhari. Hazitakuwa nyingi.

Alizaliwa Musanda, akaajiriwa hapa mwaka 1969 akiwa kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima. Tangu hapo amepiga chapa barua za kuwapandisha vyeo wafanyakazi karibu wote, isipokuwa yake. Mwaka mmoja aliruka swali zima la mtihani wa hesabu, na walimu waliosoma hapa mwaka huo bado humsalimia sokoni kwa heshima kubwa. Hayo ndiyo mafanikio yake ya kikazi.

Upande wa muziki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gitaa amelipiga tangu ujana, kwa ule mtindo wetu wa vidole viwili, gumba likienda chini na cha shahada kikirukaruka juu, huku mwenzako akikwaruza chupa ya soda. Katika mtindo huo vidole havipumziki. Vidole vya mpiga chapa navyo havijui kukaa bure. Ukiunganisha hayo mawili unapata mtu asiyeweza kuona nafasi tupu bila kuijaza, na Bwana Osundwa aliamini kwa dhati kwamba hicho ndicho kipaji.

Aliyeumia ni Bi. Rosebella, mpishi mkuu wa jikoni mwetu, ambaye huwaimbia wote wanaostaafu. Wimbo ni wake mwenyewe. Ndani yake hutaja jina la mtu, kazi aliyoifanya na chakula alichokipenda, na watu wazima hutafuta leso. Mwaka 1995, tulipomuaga mhasibu wetu, Bwana Osundwa alijitolea kumpigia gitaa. Alianza kabla yake, akaendelea juu yake, na hadi leo hakuna ajuaye kama mhasibu alipenda kuku au maharagwe. Rosebella aliacha kuimba, akashika kiuno.

"Patroba, kwani wewe hungojangi mtu? Wacha nimalize!"

Ukumbi ulicheka hadi mhasibu akasahau kulia. Bwana Osundwa alicheka pia, kwa upande mmoja wa mdomo. Jioni ile gitaa liliwekwa juu ya kabati, na mkewe akatoa shukrani kwa Mungu kwa sauti ya kusikika.

Mwaka uliofuata Rosebella mwenyewe aliacha kuimba. Kifua chake, kilichovuta moshi wa kuni za jikoni kwetu miaka yote hiyo, kilikuwa kimeanza kumnyima pumzi katikati ya mstari. Aliiambia kamati itafute mwimbaji mwingine, kwa sababu afadhali anyamaze kuliko kusimama mbele ya watu wakimhurumia. Tangu siku hiyo tumewaaga watu kwa hotuba tupu. Bwana Osundwa, aliyezoea kumsikia kila siku kupitia dirisha la ofisi, aligundua kwamba anachapa polepole. Alimkosa sana, na hilo analiandika bila mzaha.

Kisha redio yake ikaharibika. Akaipeleka kwa Jamal, fundi kutoka Mumias mwenye kibanda karibu na soko, ambaye zamani alipiga gitaa katika bendi za hoteli huko Kisumu. Baada ya salamu zake ndefu za Kiislamu, Jamal akajaribisha mashine moja kwa kanda ya muziki wa Wamarekani weusi. Mtu aliimba mstari mmoja, akanyamaza. Gitaa likasema maneno machache. Mtu akarudi. Bwana Osundwa aliuliza kama huyo mwimbaji ni mgonjwa.

"Hapana, mzee," Jamal akasema. "Hii inaitwanga bluzi. Mtu anaimba, anatulia, gitaa inamjibu. Hata akitulia mpaka kesho, hakuna mtu atauliza."

Hapo ndipo mtu wa miaka hamsini na tatu alipomkumbuka Rosebella, akaomba kufundishwa upya. Bluzi inahitaji kodi tatu tu, yaani mishiko mitatu ya vidole kwenye nyuzi, na alijisifu kwamba atazimaliza kwa wiki. Lakini Jamal alimwonyesha kwamba kuna kodi unayoipata kwa kuinua kidole kimoja, na papo hapo sauti inaingia uchungu kidogo. Kuinua kidole kulimshinda kwa miezi. Hakuwa amewahi kujifunza kupunguza. Majibu yenyewe, zile sauti fupi za kuingia mwimbaji akishanyamaza, aliyapiga mapema, mengi, tena kwa furaha.

"Mzee, ngoja amalize," Jamal akasema, akionyesha kanda. "Kwani nyumbani na mama mnaongeanga wote pamoja?"

Bwana Osundwa aliomba swali hilo liahirishwe.

Kumrudisha Rosebella kulikuwa kugumu kuliko kodi zote. Mara ya kwanza alikataa hata kusikiliza. Mara ya pili alikuja bwaloni baada ya chakula cha mchana, akiwa na mwiko mkononi, akaimba nusu ya mstari na kusimama, akimtazama kwa shaka. Bwana Osundwa alimjibu kwa sauti nne, akataka kuongeza ya tano, mwiko ukapiga meza. Tangu Machi wamefanya hivyo kila Alhamisi. Meza ina alama, na mpiga gitaa ana nidhamu ambayo wakuu wote wa chuo hawakufaulu kumpa.

Rosebella amesoma habari zake hapa kabla hazijachapwa. Alisema, "Wacha zikae. Lakini uandike ni moshi, si uzee." Imeandikwa.

Bwana Osundwa anawashukuru wote waliomvumilia, hasa walioketi karibu na gitaa. Kwa niaba yenu anajitakia pumziko jema Musanda, na heri zote zinazobaki anaomba ziende kwenye kifua cha mpishi wetu.

Ijumaa, baada ya hotuba, Bi. Rosebella ataimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na anayeagwa ndiye atakayempigia. Sauti ikikatika na gitaa likabaki peke yake, msimwonee huruma, wala msipige makofi bado. Anavuta pumzi. Atarudi.