Bismarki Hakuwahi Kufika Kurui

Kijiwe changu hapa Kibaha Jumamosi hujaa mapema, na mimi Mwinshehe, muuza kahawa, nasikia yote, hata nisiyoyataka. Juzi ndugu wawili walitandaza karatasi juu ya benchi wagawane shamba la marehemu mama yao lililoko Kurui, Kisarawe, ili Jumatatu wapeleke mchoro ukagongwe muhuri. Didas, fundi seremala, tunamwita Rula. Mdogo wake Sebastian tunamwita Mjumbe kwa kupenda vikao. Wa tatu alikuwa Maneno, yaani Kitabu, ambaye ukimpa kikombe kimoja anakurudishia historia ya dunia nzima.

— Kikao kama hiki Bismarki aliwahi kukiitisha kwake Berlin, Kitabu akaanza. Chansela wa Wajerumani. Mwaka themanini na nne, karne ya kumi na tisa.

— Mshenzi sana yule! Rula akadakia, penseli sikioni. Si ndiye aliyetuchorea mipaka?

— Hakuchora yeye. Pale waliwekeana kanuni za kugombea, mistari ikaja baadaye. Na makoloni mwanzoni wala hakuyataka.

— Hakuyataka, ndiyo akayachukua? Acha hizo, bwana!

— Akili alikuwa nayo, lakini. Aliviunganisha vijidola vya Kijerumani vikawa nchi moja. Bima ya wagonjwa, pensheni ya wazee, kwao vilianzia kwake.

— Ahaa! Mjumbe akaruka. Nimeshamjua! Aliwapa wazee pensheni wakae kimya, wasiulize korosho zinatoka wapi.

— Korosho zipi, Mjumbe? nikauliza, maana nilishachoka.

— Za Kisarawe! Harufu ilimfikia Berlin.

— Wewe kahawa imekupanda kichwani.

— Mimi nawaambia zile sharubu zake ndizo zilikuwa ramani, Rula akasema. Akipunguza upande mmoja, Kongo inapungua.

Tulicheka mpaka kashata ikanipalia. Mimi nacheka huku nawalaani, kwa sababu wakicheka hawanunui.

— Mwisho wake ukawaje? Mjumbe akauliza.

— Kaisari kijana akamtimua. Akaenda zake shambani kununa.

— Safi sana! Na huku kwetu alifika lini?

— Afrika hakuwahi kufika.

— Hata siku moja?

— Hata siku moja.

Mjumbe akasonya.

— Yaani mtu hajakanyaga, anagawa! Hana haya kabisa.

— Kabisa, Rula akajibu, akavuta mstari wake katikati ya karatasi, chwaa!

Penseli hajairudisha sikioni, bodaboda ikasimama. Akashuka Benedikta, dada yao mkubwa, anayeishi kwenye lile shamba na kulilima tangu mama yao afariki. Vumbi lote la Kurui alikuwa nalo kwenye kanga.

— Shikamoo dada, wakasema kwa pamoja, Rula akiweka kiwiko juu ya karatasi.

— Marahaba. Nimeambiwa na majirani kwamba mnagawa. Haya, sina maneno mengi. Huo mstari unapita mbele ya jiko langu au nyuma?

Rula akaigeuza karatasi. Mjumbe akaigeuza tena. Kitabu akaangalia barabarani.

— Jiko lile... la chini ya mkorosho, dada? Mjumbe akajaribu.

— Lile lilianguka miaka minne iliyopita, Seba.

Nilimmiminia kahawa, hakuipokea. Alisimama pale pale, mkoba begani, anasubiri jibu.