Marehemu Nathanieli Kaijage na Majiko ya Bukoba

Wapendwa wafiwa na majirani, mimi ni Buberwa, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Nathanieli Kaijage.

Alizaliwa hapa Buganguzi, Muleba, tarehe 3 Machi 1912, mtoto wa kwanza wa Mama Kokwijuka, akabatizwa Kilutheri, akasoma shule ya misheni hadi 1930, na mwaka 1934 akaajiriwa katika ofisi ya mji wa Bukoba, kazi yake kupokea maombi ya vibali vya nyumba. Tarehe 17 Julai 1937 alifunga ndoa na Alistidia, wakajaliwa watoto watano, wote wako hapa.

Miaka ya mwanzo maombi yalikuwa machache, lakini kahawa ilipopanda bei baada ya vita kila mtu alitaka nyumba ya pembe nne yenye bati, na msonge wa nyasi ukakatazwa mjini kwa kuogopa moto. Mwaka 1950, baba alipofariki, kaka alimchukua mama akae naye Bukoba, na mama, baada ya kelele za mvua moja tu chini ya bati, akasema heri arudi huku akaishi peke yake. Kaka hakuwa tayari kumwacha mama, wala kuacha kazi, basi, kwa kuwa katazo lilitaja nyumba tu, akaomba kibali cha jiko, akalijenga la mviringo, la nyasi, na kitanda ndani.

Bwana mkubwa wa ofisi alikuja kulikagua, akainama mlangoni, akamkuta mama, naye kwa desturi yetu akampa kahawa ya kutafuna, Mzungu akatafuna, akakitazama kitanda, akasema jiko ni zuri. Habari ikaenea, na kufikia 1954 maombi ya majiko yaliyazidi ya nyumba, hata ripoti ya mwaka ikasema Wahaya wanapenda mno kupika. Tulicheka sana siku hiyo.

Kaka aliugua kifua Mei 1957, akatibiwa hospitali ya Bukoba, na alipozidiwa akaomba alazwe jikoni kwa mama, na humo akatutoka asubuhi ya Jumapili, tarehe 8 Septemba, mama amemshika mkono. Inatuuma, ila aliishi vizuri.

Tunawashukuru waganga wa hospitali, majirani wa Bukoba, ambao wengi mna majiko yenu, na wenzake wa ofisini. Ninyi wa ofisini, ukoo una ombi moja, mama amekataa kubaki hapa, anasema kwake ni kule kwa mkamwana wake Alistidia, basi tunawasihi, mkipita kukagua, lile liendelee kuitwa jiko.

Pumzika, kaka. Mama tutamrudisha kwake.