Meneja Asijue

Benchi lililo mbele ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na wenyewe wameshazoea: anayekaa upande wa matofali hacheki kwa nguvu. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Fundi Friji, na kwa kweli hakuwa na dalili yoyote ya kucheka. Miguuni pake, kidevu juu ya kiatu, alilala mbwa wake Meneja, aliyekula chumvi nyingi mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, jicho moja limeingia ukungu, na masikio yote mawili yameacha kazi tangu mvua zilizopita. Ndani ya kibanda, juu ya meza ya mashine za kunyolea, lilikuwepo sanduku la sabuni lililofunikwa shuka la wateja, na ndani ya sanduku mtoto wa mbwa mwenye tumbo la duara, aliyeletwa na shemeji yake Fundi bila taarifa. Shemeji alisema anapita sokoni mara moja. Akirudi aambiwe kama mtoto anachukuliwa au hachukuliwi, maana kuna jirani anamtaka sana. Basi watu wa benchi walikuwa na muda wa birika moja la kahawa kuamua, na walikubaliana waamue kwa kunong'ona, Meneja asisikie.

— Punguza sauti, alisema Fundi.

— Lakini si umesema ni kiziwi? aliuliza Mama Pindo, fundi cherehani wa kibanda cha pili, pini tatu zikiwa mdomoni.

— Kiziwi, ndiyo. Lakini si mjinga.

Hoja hiyo ilipita bila kupingwa. Hata Kinyozi, ambaye sauti yake husikika mpaka kituo cha basi, aliinamisha kichwa na kuanza kunong'ona kwa kishindo.

— Sasa wewe mwenyewe unaogopa nini? Mbwa ni mbwa. Wawili ni ulinzi zaidi.

— Mke wangu kaniambia nyumba inahitaji mbwa. Nikamwambia nyumba ina mbwa. Akamwangalia Meneja, halafu akaniangalia mimi, halafu akaenda kuosha vyombo. Mnaelewa? Sasa na Meneja naye akimwona huyu mtoto si ataelewa hivyo hivyo? Atasema, kumbe wamenihesabia siku.

Kuna jambo Fundi hakulisema pale. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, huinama na kuweka sikio kwenye mbavu za Meneja, vile vile anavyosikiliza mota ya friji ya mteja. Friji akiisikiliza tu anajua imebakiza nini. Kwa Meneja huinuka kabla hajajua.

— Tatizo lenu, alisema Bwana Utumishi, mnaliangalia jambo hili kimbwa. Hili ni suala la watumishi.

Bwana Utumishi alistaafu zamani kutoka ofisi iliyokuwa ikiajiri na kufukuza watu, ila tai hakuistaafisha. Huivaa kila siku, hata akija kunywa kahawa kwa kandambili.

— Meneja ana cheo chake. Huwezi kumletea mtu mwenye cheo kijana mpya mezani bila kumwandaa. Pale ofisini kwetu waliwahi kumletea mhasibu wetu msaidizi pasipo kumwambia. Yule mhasibu alishinda akichonga penseli. Saa ya kutoka, ofisi nzima haina penseli.

— Mbwa atachonga nini? aliuliza Kinyozi.

— Atachonga moyo wake.

Hata yeye mwenyewe hakujua alikuwa na maana gani, lakini Fundi alimeza kahawa yake yote kwa mpigo mmoja, ya moto vile vile.

— Sasa tufanye nini, Bwana Utumishi?

— Tunampandisha. Kuanzia leo Meneja ni Mshauri Mwandamizi. Hana zamu ya usiku. Habweki ila kwa mambo mazito. Huyu mwingine anaingia kwa majaribio, tena chini yake. Mtoto akitaka kumbwekea mtu, kwanza amwone mzee.

— Mzee mwenyewe hamwoni mtu, alisema Mama Pindo.

— Ndiyo maana ya ushauri, dada yangu. Hauhusu kuona.

Mama Pindo alitema pini moja baada ya nyingine kwenye kiganja, jambo analofanya pale tu anapotaka kusema kitu kirefu.

— Wanaume nyie mnapenda vyeo. Haya ni mambo ya mke mwenza, basi. Amekaa nyumbani kwake miaka yote, leo analetewa msichana mwenye macho ya kung'aa. Dawa yake inajulikana: wa kwanza anavishwa kwanza. Nitamshonea Meneja koti. Lenye bitana. Lenye mfuko. Mtoto aingie uchi kama alivyozaliwa, hapo kila mtu ajue mwenye nyumba nani.

— Mfuko wa nini, mama?

— Mkubwa wa nyumba hakosi mfuko.

Akachomoa futi ya kupimia shingoni, akapiga magoti, akampima Meneja kutoka shingo mpaka mkia. Alipofika mkiani alitikisa kichwa, akasema amepungua. Fundi akasema hajapungua, ni vile amelala. Mama Pindo akampima tena, safari hii akilegeza futi kidogo, akasema kweli, hajapungua.

— Mnazunguka mbuyu bure, alisema Kinyozi. Mbwa hajui cheo wala bitana. Mbwa ni pua. Nipeni mashine yangu nimnyoe Meneja kidogo hapa mgongoni, zile nywele nizipachike kwa yule mtoto. Meneja atanusa, atasema, ala! Huyu ni mimi.

— Halafu?

— Halafu atafurahi! Nani hataki kujiona akiwa mdogo? Atadhani amepona goti.

— Na akijiona yuko pale, huyu aliye hapa atadhani ni nani? aliuliza Bwana Utumishi.

Kinyozi alifikiri. Alifikiri mpaka mteja aliyekuwa akija kunyolewa aliona uso wake, akabadili mawazo, akaendelea na safari.

— Atadhani ni baba yake, alisema hatimaye.

— Baba yake nani?

— Baba yake yeye mwenyewe. Yaani Meneja atajilea.

— Mimi hilo sitaki, alisema Fundi. Baba yake Meneja alikuwa anakula viatu.

Kisha Mama Pindo akaleta jambo jipya, baya kuliko yote, na akalileta kwa upole, jinsi watu wanavyoleta habari za msiba.

— Mimi ninachoogopa si Meneja. Ninaogopa huyu mtoto. Mtoto anaiga. Sasa atamwiga nani? Atamwona mwenzake anaamka kwa mafungu mawili, kwanza mbele, halafu nyuma. Ataamka hivyo. Atamwona anaguna akikaa. Ataguna. Meneja juzi kambwekea nani?

— Kanibwekea mimi, alikiri Fundi. Nilivaa kofia.

— Na mwizi wa betri akapokewaje?

— Alilambwa mkono.

— Basi. Mtoto atajifunza uzee kama ufundi. Baada ya miezi miwili utakuwa na wazee wawili, mmoja hajaota meno.

Fundi aliuona mpango mzima mbele yake: mbwa wawili wanachechemea kwenda getini kuwalaki wezi. Bwana Utumishi ndiye aliyeokoa jahazi, akasema katika utumishi hakuna jambo lisilorekebishwa na mazoezi. Tukio zima lifanyiwe mazoezi kabla ya shemeji kurudi. Yeye atakuwa Meneja. Brashi ya nywele itakuwa mtoto. Fundi awe Fundi.

— Mimi niwe mimi?

— Kama unaweza.

Wakaingia kibandani, wakamwacha Meneja mwenyewe amelala nje. Bwana Utumishi akatandika gazeti, akashuka kwa magoti na viganja, tai ikagusa sakafu na kuzoa nywele. Kinyozi akasimama pembeni kusimamia mambo ya pua. Fundi akatoka, akaingia upya ameikumbatia brashi.

— Meneja, alisema kwa aibu. Huyu hapa... ni mgeni.

Bwana Utumishi alinusa brashi kwa muda mrefu. Alikuwa na kipaji, hakuna ubishi. Kisha akageuza uso ukutani na kusema kwa sauti nzito:

— Nimeelewa. Naomba kuacha kazi.

— Hapana, alisema Fundi.

— Nimetumika vya kutosha. Nitaondoka mwisho wa mwezi.

— Usiondoke.

— Mpeni huyu kijana bakuli langu.

— Nimesema usiondoke! Fundi akapiga kelele, ule mnong'ono wote ukasahaulika. Nitamrudisha! Nani kakwambia uondoke? Mimi nimekwambia uondoke?

Akawa amemshika Bwana Utumishi mabega, brashi imeanguka, machozi yanamtoka waziwazi. Bwana Utumishi, ambaye katika kazi yake aliwaona watu wengi wakilia lakini hakuwahi kushikwa, alibaki vile vile kwa magoti na viganja, akampigapiga Fundi mguuni. Mama Pindo aliangalia pembeni. Hakuna aliyejua mazoezi yanafikia wapi.

— Hodi, sauti ilisema. Nimeelekezwa fundi yuko hapa. Feni yangu haizunguki.

Alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona, feni kwapani, anatazama chumba kizima: mzee mwenye tai yuko sakafuni, mwanaume mzima analia, kinyozi ananusa hewa. Kwa adabu akatafuta kitu cha kawaida cha kutazama. Akakiona. Mtoto wa mbwa alikuwa amejitoa mwenyewe sandukuni, ameshuka kupitia kiti, na sasa anavuka mlango akiburuta shuka la wateja.

— Jamani, mzuri! Anaitwa nani?

Kinyozi akamwangalia Mama Pindo. Mama Pindo akamwangalia Bwana Utumishi, aliyekuwa akijipangusa nywele kwenye tai. Cheo mtoto alishapewa, masharti ya majaribio alishapewa, hata nywele za kupachikwa zilishapangwa. Jina hakuna aliyekumbuka kumpa.

Mtoto akalipita benchi. Akaelekea barabarani, ambako lori la matofali lilikuwa likirudi kinyumenyume. Fundi akakurupuka, akafungua mdomo kumwita, na mdomoni mwake, kwa mbwa, lilikuwemo jina moja tu.

— Meneja! Meneja, njoo!

Mtoto akageuka. Akaja mbio, masikio yanapiga huku na huku, akajikwaa kwenye shuka, akainuka, akaja tena mpaka akagonga kichwa kwenye viatu vya Fundi. Meneja mwenyewe, hatua mbili kutoka pale, hakuinua hata sikio. Alilala kama alivyolala, ubavu ukipanda na kushuka.

Fundi alisimama pale. Tangu mvua zile amekuwa akiliita jina hilo kila jioni akifungua geti, kwa mazoea tu, na hakuna aliyekuja. Alijiambia ni masikio. Sasa mtu amekuja, mkia unamtikisa mwili mzima, na Fundi hakujua kama amefurahi au ameibiwa. Ilimuuma, na akamwinua mtoto hivyo hivyo inavyouma.

— Kumbe anaitwa Meneja, alisema mwenye feni.

— Hapana, mama. Meneja ni yule pale.

— Ah. Na huyu?

Fundi akapiga kisigino chini mara mbili, ardhi ikatetemeka kidogo, na Meneja akafungua jicho zima. Akaamka kwa mafungu mawili, mbele kisha nyuma, akasogea mpaka kwenye mikono ya Fundi, akanusa kile kitu kilichomo. Alinusa tumbo. Alinusa masikio. Kisha akapiga chafya usoni pa mtoto na kurudi kulala, safari hii juu ya shuka la Kinyozi.

— Amesemaje? alinong'ona Bwana Utumishi.

Shemeji akatokea upande wa sokoni, vikapu mikono yote miwili.

— Haya, shemeji. Jirani ananisubiri. Unamchukua au humchukui?

— Hana jina, alisema Fundi.

— Sijauliza jina. Nimeuliza unamchukua au humchukui.

— Shemeji, nawe! Fundi alisema, akimfutika mtoto ndani ya ovaroli. Nitampaje jirani mtoto ambaye hata jina hana?