Mikono ya Ambrose Tiernan

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Hapa Scranton mvua inanyesha, na leo hatuanzi na muziki.

Ambrose Tiernan amefariki. Alifariki Jumanne, nyumbani kwake, kifua kimejaa vumbi la makaa. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Vijana hamumjui. Wazee mnamjua, na bila shaka wengine mmeshasonya.

Ambrose alilipwa kucheza besiboli enzi zile mpira ulipodakwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Alisimama nyuma kabisa ya uwanja. Mpira ukipigwa juu, wenzake waliukodolea macho. Yeye aliupa mgongo, akakimbia, akageuka mara moja tu, akaupokea kiunoni, viganja juu, kama mama anayepokea mtoto aliyesinzia. Bonde letu zima la makaa halikuwa na mwingine aliyedaka hivyo.

Mwaka 1878, akiwa na miaka ishirini na miwili, wacheza kamari walimpa dola mia ili timu yake ifungwe. Akazichukua. Mipira mitatu ikamponyoka katika wiki moja, yeye ambaye alikuwa haponyokwi. Wakubwa wa ligi walimwita, akakiri, wakamfungia maisha. Nasema tena: maisha. Na yeyote atakayecheza naye, atafungiwa vilevile. Miaka mingi baadaye mkewe, Bi. Honora, alimwuliza kwa nini alifanya vile. Alimjibu, "Nilikuwa na njaa, na nilikuwa mjinga. Njaa iliisha."

Aliandika barua ya kuomba radhi kila Desemba. Barua kumi na moja. Hakujibiwa hata moja. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani.

Lakini uwanja ulikuwa umemwingia damuni. Akafuga ndevu, akajiita George Lunt, akaenda Archbald kwenye timu ya wachimba makaa. Mchezaji pale alipewa kazi ya kupima magari ya makaa, juu, kwenye jua, si chini shimoni. Huko ndiko alikomwoa Honora, binti wa nyumba aliyopanga. Alimwambia jina lake la kweli kabla ya kumposa.

Sasa sikilizeni shida yake. Akidaka kama Ambrose, atajulikana. Kwa hiyo George Lunt alidaka vibaya. Alipapasa, akaangusha. Mtu aliyefungiwa kwa kuangusha mipira makusudi, ilimbidi aangushe mipira makusudi ili aachwe acheze. Watu walimcheka. "Babu, kwani mpira una miiba?" Na Honora alikuwa amekaa palepale na kikapu chake cha chakula, anayasikia yote. Miaka minne.

Wiki hii, mezani jikoni kwake, Bi. Honora alisema hivi: "Nilichoka kuwa mke wa kichekesho. Nikamwambia, Ambrose, mimi sijawahi kukuona. Nidakie mmoja tu, basi. Akakataa. Jumamosi akaudaka."

Ilikuwa Julai 1889. Mpira ulikwenda juu sana. Ambrose akaupa mgongo, akakimbia, akageuka mara moja, akaupokea kiunoni. Uwanja mzima ukanyamaza. Bi. Honora alipanda juu ya benchi akilia kwa furaha. Hakujua kwamba binadamu anaweza kufanya kitu kizuri namna ile.

Kisha kijana mmoja nyuma yake, mwenye sauti kubwa kuliko akili yake, akapiga kelele: "Huyo si Lunt! Huyo ni Tiernan, mla rushwa!"

Timu ya wageni ilitoka uwanjani papo hapo, isije nayo ikafungiwa. Wenzake wakamvua shati la timu mbele za watu. Jumatatu akateremshwa shimoni, na huko alichimba miaka thelathini. Hakugusa mpira tena. Bi. Honora amejilaumu miaka arobaini na miwili. "Ningenyamaza," anasema, "angezeekea juani."

Mwaka 1927 majirani waliwachangia redio. Jioni ya kwanza wakafungulia kipindi hiki. Ambrose alisikiliza kidogo, akaweka kikombe chini. Akasema, "Honora, ni yule." Akainuka, akaizima. Haijawashwa mpaka leo.

Yule kijana wa Archbald alikuwa na miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Jumatano hii, akiwa na sitini na mmoja, alibisha hodi kwa Bi. Honora, kofia mkononi. Alikwenda kuomba radhi, na alikuwa amechelewa siku moja. Bi. Honora hakumkaripia. Alimpa chai, akamsimulia haya yote, kisha akasema, "Radhi si yangu kutoa. Mwenyewe yule pale."

Ambrose alikuwa amelazwa chumbani. Vidole vyake, vilivyovunjika enzi zile za mikono mitupu, havikukubali kunyooshwa. Wakaiacha mikono kiunoni, viganja juu. Mgeni alipouliza kama anaweza kuyasema haya hewani, mama yule alijibu, "Sema utakavyo. Sitawasha."

Mtangazaji wenu anampa pole Bi. Honora Tiernan. Pole hii haimfikii, redio yake imezimwa. Basi ninyi mnaosikia, tafakarini. Ukimtambua mtu kwa jambo jema alilolifanya, usikimbilie kumtaja kwa baya lake.

Sasa tutanyamaza dakika moja. Ndicho kitu Ambrose Tiernan alichokihitaji siku ile pale Archbald, na mtangazaji wenu hakumpa.