Kengele ya Kongosho

Mvua ya Tukuyu haikatiki, inapumzika tu. Na kila ikipumzika, benchi letu la Makandana hujaa. Ni ubao wa mkaratusi juu ya matofali, birika la Nelson muuza kahawa likifuka pembeni. Asubuhi hiyo alikuwepo Lutufyo, baba Hellen, tunayemwita Sita, kwa sababu sukari yake ilisoma sita kliniki na hakuna mtu hapa mtaani ambaye hajaambiwa. Alikuwepo Jairo, jirani yake ua kwa ua, aliyesoma kumi na saba siku hiyohiyo, kwenye foleni hiyohiyo, na hajamsamehe mpaka leo. Na alikuwepo Andongwisye, au Redio, kwa kuwa hana habari zake mwenyewe, anarusha za wengine. Jairo alivaa buti moja la mvua. Mguu wa pili ulikuwa kwenye kandambili, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Sita alikuwa anarudia siri yake: parachichi moja asubuhi, moja jioni, bila chumvi.

— Mti ule ni wangu, akasema Jairo.

— Uko uani kwangu, tata.

— Kikonyo cha kupandikiza ulikata kwenye mti wa mama yangu. Mimi nikang'oa wa kwetu nipande wa kuwauzia wanunuzi, wewe ukabaki na wa asili. Kwa hiyo hiyo sita yako, nusu ni yangu.

— Basi chukua tatu, uniachie tatu.

Nelson alicheka mpaka akamwaga kahawa. Jairo hakucheka.

Redio akasafisha koo. Habari aliyokuwa nayo ilitoka kwa Tulia, mke wa mtoto wa Jairo. Tulia anasomea utabibu Mbeya, na wiki hiyo alikuwa nyumbani likizo. Tulia hawezi kumwambia Jairo kitu. Kwao bado wanashika mila: mke wa mwana hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni, akimwona njiani anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Neno la kumfaa mzee humpa mumewe, Ackson. Ackson humpa Redio, mjomba wake. Redio hutupa sisi wote.

— Kongosho lina vijichumba vya kutengeneza insulini, alisema. Kila kijichumba kina kengele mlangoni, wasomi wanaiita kipokezi. Asidi za mafuta, kama yale ya parachichi, zikifika, zinabonyeza. Kama sukari imejaa kwenye damu, kengele inalia, insulini inatoka kwa wingi zaidi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akaitikia Nelson.

Hapo kila mtu akawa daktari. Nelson alisema parachichi za kisasa zimelelewa kwa ajili ya Ulaya, hazijui kubisha hodi kwa Mnyakyusa. Redio akasema dalili ya mafuta mazuri ni kuelea juu ya mchuzi, maana ukiona vyaelea, vimeundwa. Sita akadai kengele za ukoo wa Jairo zina kutu tangu enzi za babu. Lakini Jairo aliwapita wote. Alisema mti wa mama yake unajua damu ya mama yake. Kwa hiyo kila Lutufyo anapokula lile parachichi, kengele inayolia ni ya Jairo, ila inalia kwenye nyumba ya mwenzake.

— Kaniibia mlio, alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. — Sasa mimi nakula manne kwa siku. Na vidonge nimeacha, visije vikaingiliana na kengele.

Nelson akatua birika.

— Umeacha tangu lini? Nelson akauliza.

— Tangu huyu aitwe Sita.

Sita akachungulia kikombe chake. Akasema kila mtu na kongosho lake. Redio akajikuna shingo, akakiri kwamba ile habari ilikuwa na kipande cha pili, kuhusu kengele kubonyezwa kutwa kwa muda mrefu mpaka kijichumba kinachoka. Ila Ackson alikuwa anapanda Noah ya abiria, mlango ukafungwa kabla hajamaliza.

— Na hicho kidole, mzee? Nelson akauliza.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Jairo, akakivuta chini ya benchi.

Tulia alitokea barabarani, kitenge kimemfunika kichwa. Hatukuwahi kumwona karibu na Jairo kiasi kile. Alisimama akatugeuzia mgongo, uso umeelekea Mlima Rungwe. Jairo naye, kwa mila ileile, akageukia ukuta na kushusha kofia.

— Shikamooni. Baba Hellen, nakuuliza wewe kwa kuwa wewe naruhusiwa kusema nawe. Vidonge vyako uliacha lini?

Kila asubuhi Sita hutupia kitu mdomoni kabla ya kahawa. Mpaka hapo tulikuwa tunadhani ni pipi.

Sita akajipapasa mfuko wa shati. Nelson akainamisha birika, likatoa machicha matupu.

— Lutufyo, akasema Jairo, bado anatazama ukuta. — Mjibu mtoto.

Sita aliweka kikombe chini, akapitisha mkono kwapani kwa Jairo, akamwinua. Jairo alitaka kuutoa ule mkono, kisha akauacha. Wakashika njia ya hospitali. Tulia alikuwa ametangulia bila kugeuka, akipunguza hatua kila aliposikia kandambili inaburuza nyuma yake.