Mama Dasta na Ubao wa Darasa Zima

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, mingi yake akiwa hapa hapa kwetu, mwalimu wetu wa sayansi anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wanafunzi humwita Mama Dasta, na jina hilo kalipata kwa haki. Hajawahi kutoka darasani akaacha ubao mchafu. Kwake yeye, hiyo ni sawa na kumwachia mgeni vyombo aoshe.

Sauti yake ni kubwa kuliko mwili. Sisi wa jikoni, ng'ambo ya uwanja, tumesoma naye mzunguko wa maji bila hata kuvaa sare.

Ulipoletwa ubao wa kidijitali, ambao kila mtoto huuandikia kutoka kwenye kishikwambi chake na yote yakaonekana ukutani, wengi tulidhani atakimbia. Wapi! Aliwaambia darasa la sita wamfundishe. Kwa wiki mbili waliujaza habari za mto ulio nyuma ya shule: picha, michoro, maswali, na mtundu mmoja akamchora mwalimu mkuu amepanda chura. Wazazi walialikwa waje kuuona.

Siku moja kabla, kipindi kikaisha, na mwalimu wetu kwa adabu yake ileile akabonyeza kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akakubali, tena kwa fahari. Ukuta ukabaki mweupe pee.

Yowe la watoto lilinitoa jikoni mbio. Nilimkuta kaketi mlangoni, akaniambia, mdogo wangu, kazi imenishinda, kesho namwambia mkuu naacha. Sikuwa na dawa ila sala, tukainamisha vichwa.

Watoto hawakungoja amina. Walikuwa wameshaanza kuandika upya, wakizozana na kuchekana nani aliyesema chura ni samaki. Na kwa kuwa walikuwa wakisomana siku zote zile, kila mmoja alikumbuka ya mwenzake. Aliyekuwa na mada ya samaki akaandika ya mmomonyoko, wa mmomonyoko akamsahihisha wa samaki. Hata mwalimu mkuu akarudishwa juu ya chura. Wazazi walipofika, mtoto yeyote aliyeulizwa chochote alijibu bila kugeuka kutazama ukuta.

Mama Dasta hakuacha kazi. Tangu hapo, kila mada ikiisha anaufuta ubao makusudi, na darasa linauandika tena kwa kichwa. Siku hizi walimu wenzake wote wanafanya hivyo, na wanajifanya walianza wao.

Dada yetu, asante. Tunamshukuru Mungu hukuondoka siku ile kwa machozi. Unaondoka sasa kwa kicheko. Akujalie afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wenye masikio. Pumzika kwa furaha, na ukipita karibu, jikoni chai ipo.