Ulinzi Nilioukataa kwa Sababu Mwenzangu Alikuwa Nao

Ndugu zangu, kina mama na kina baba, nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti wa chama chetu ameniomba niwaeleze kama ule ulinzi wa kisheria kwenye bima ya gari una faida, maana wengi hapa mmenunua magari na kila mmoja anauliza. Nitaeleza. Lakini habari yangu ya bima siwezi kuitenga na habari ya wivu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikawie kuja hapa mbele.

Nilifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye kile kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, jina lake sitalitaja. Tulifika Ubelgiji mwaka mmoja, tukapanga jengo moja kule Berchem, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tano. Kiwanda kilipofungwa tulitoka lango moja, siku moja. Wiki sita baadaye yeye akapata kazi, mimi nikabaki nyumbani. Nikikutana naye asubuhi kwenye lifti amebeba chakula chake cha mchana, nilimwambia "Hongera, kaka," huku nikitazama namba za ghorofa, si uso wake.

Akanunua gari. Nami nilipopata kazi ya kupakia mizigo ghalani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua gari. Tena kubwa kidogo kuliko lake. Mnacheka, lakini nawaambia kweli, nilisimama dirishani nikayalinganisha.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa wakala wake wa bima. Yule mama wakala akanieleza vizuri sana: bima ya lazima inalipa hasara unayomsababishia mtu mwingine. Lakini ukigongwa wewe, na aliyekugonga akakana, wa kukupigania ni ulinzi wa kisheria. Huo ndio unaomlipa wakili, na mtaalamu wa kukagua gari. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Akaongeza kwa nia njema, "Hata rafiki yako aliyekuelekeza kwangu ameuchukua. Yeye alisoma kila ukurasa."

Ndugu zangu, kalamu niliiweka chini.

"Mimi si yeye," nikamwambia. "Mimi najua kuendesha."

Haikupita miezi mitatu. Asubuhi moja, palepale Berchem, nafika kwenye njia panda ndogo isiyo na taa. Natokea kulia, na mnajua hapa anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita. Gari likaja kutoka kushoto likanibamiza mlangoni. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjika. Dereva alishuka ameshika kichwa: "Pardon, monsieur, samahani, sikukuona!" Akatoa ile fomu ya ajali ya madereva wote wawili, akaijaza yeye, kwa sababu mimi mkono ulikuwa unawaka moto. Nikatia sahihi kwa mkono wa kulia. Sikusoma.

Sikusoma! Kumbe upande wangu alikuwa ameweka alama kwenye kisanduku kinachosema nilikuwa natoka kwenye maegesho. Na anayetoka kwenye maegesho hana haki ya kumtangulia mtu yeyote. Barua ikaja kutoka bima yangu: kosa ni lako. Nikapiga simu kwenye bima yangu. Kijana wa simu hakuwa mkorofi, alisema tu, "Bwana, wewe huna ulinzi wa kisheria. Kumdai yule dereva ni juu yako mwenyewe."

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka hasa. Nimekaa nyumbani na plasta mkononi, gari limekwenda kwa wauza vyuma chakavu, naye mwenzangu akagongwa kwenye maegesho ya duka. Aliyemgonga naye akakana. Lakini yeye aliandika barua moja tu. Akapewa wakili, akaletewa mkaguzi, na baada ya muda si mrefu gari lake likarudi linang'aa. Nikaliona kutoka dirishani. Usingizi ukaisha.

Nikaanza kusema. Kwa huyu nikasema, "Ajali ile mimi siielewi." Kwa yule nikasema, "Watu wengine wanajigongesha." Sikumtaja, kama nisivyomtaja leo, lakini kila mtu alijua. Baadhi yenu mlinisikia. Maneno yakashuka ghorofa tatu, yakamfikia mkewe. Siku moja nikakutana na mwenzangu kwenye lifti. Akatoka, akapanda ngazi.

Mke wangu ndiye aliyenisimamisha. Alikuwa ananifunga kifungo cha shati, maana mwenyewe sikuweza. Akasema, "Baba watoto, yule hakukunyang'anya kitu. Alisoma karatasi, wewe hukusoma. Sasa unataka yeye aadhibiwe kwa kusoma?" Akamaliza kifungo, akaenda jikoni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilitafuta adui nje, kumbe adui ni wivu wangu mwenyewe, nalala nao kila usiku.

Jioni ile nikashuka ghorofa ya pili. Alifungua mwenyewe. Nikasema pale pale mlangoni, kabla sijakaribishwa: "Kaka, yale maneno ni mimi."

Akajibu, "Najua ni wewe. Mke wangu alilia wiki nzima. Kazini kwake waliuliza kama ni kweli."

"Nimekuja kuomba msamaha. Na kila niliyemwambia nitarudi kwake nimwambie nilisema uongo."

"Nenda kwanza ukawaambie," akasema. "Halafu urudi."

Nikazunguka. Nyumba saba, ndugu zangu, kugonga mlango na kusema mimi ni mwongo. Niliporudi akaniuliza swali moja tu: "Picha za ajali yako ulipiga?" Nilikuwa nimepiga mbili kwa simu, nikazisahau.

Akanipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, akanitafsiria, maana Kifaransa changu ni kibovu. Kwa kuwa kipato changu cha wakati ule kilikuwa kidogo, nikapewa wakili bila malipo. Wakili akasema sahihi yangu ni mzigo mzito, lakini picha inaonyesha gari langu liko katikati ya njia panda, si pembeni. Kilichokosekana ni shahidi. Basi mimi na mwenzangu tukapita duka hadi duka pale njia panda. Mwenye duka la mikate, mama mmoja Mmoroko, akasema, "Ah, wewe wa mkono! Mimi nilikuwa nafungua mlango. Ulikuja barabarani moja kwa moja." Akaandika na kutia sahihi.

Ilichukua miezi. Mwisho bima ya yule dereva ilikubali kosa ni la mteja wao. Mkono wangu haujarudi sawasawa, mvua ikinyesha unaniambia.

Sasa, je, ulinzi ule una faida? Kwangu ndiyo, na sasa ninao. Si kwa kila mtu: soma kwanza unafunika nini, una kikomo gani, na uangalie usiwe tayari unao kwenye bima nyingine. Ukishagongwa, kuununua hakusaidii ajali ile. Na fomu usiyoielewa usiitie sahihi, hata mkono ukiwaka.

Namshukuru mke wangu, yule wakili, na mama wa mikate. Mwenzangu namshukuru kuliko wote, na mkewe naye, ambaye salamu yake kwangu bado ni fupi. Ana haki.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Wiki hii nimesikia binti yao amepata nafasi chuo kikuu, wangu amekosa. Roho iliniuma, ile ile. Nikachukua simu nikampigia mwenzangu kumpongeza haraka, kabla sijapata muda wa kutafuta neno jingine la kusema.